Kufuli Juu ya Kibodi

Mliponiaga mliniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu zile seva zetu. Haya, nimekaa, naandika. Vyeo sitavitaja, maana nilipandishwa mara mbili na mara zote mbili kazi ilibaki ileile. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilisomea Tanzania, kambini, na Kirundi changu cha maandishi mmekicheka vya kutosha. Anayetaka kucheka na hiki acheke, lakini asome mpaka mwisho.

Wazazi wangu ni wa Buraza. Niliporudi Burundi nilikuwa mtu mzima, nina cheti cha ufundi wa redio na jembe jipya, ambalo mama alinilazimisha kulibeba endapo cheti kingekataliwa. Hakikukataliwa. Shirika letu la kusambaza dawa lilikuwa na ofisi kuu Gitega, na tawi Muyinga, ambako dawa zinazoingia kwa malori kupitia mpaka wa Kobero huhesabiwa na kuandikwa kabla ya kwenda kwenye vituo vya afya. Siku yangu ya kwanza pale Gitega nilikuta kompyuta moja tu, imefunikwa kitambaa cha kushonwa maua, na katibu akaniambia nisiiguse. Nilimuuliza nimeajiriwa kufanya nini basi. Akanipa tambara nifute vumbi juu ya kile kitambaa.

Wiki ya pili wakanituma Muyinga kwa Fundi Jumaine. Huyu alikuwa mzee wa mjini, Mwislamu, aliyetengeneza cherehani miaka mingi kabla ya kugusa kompyuta, na zote aliziita mashini. Vyombo vyake vilikuwa bisibisi tatu, brashi ya rangi ya kutolea vumbi, testa ya umeme na kipande cha mshumaa cha kulainishia skrubu. Niliharakisha kufungua printa ya kwanza aliyonipa, akanipiga kofi la mkono kama mtoto mwizi wa sukari.

"We Conso, unafungua nini? Kaa kwanza ku kiti ya mwenye mashini. Fanya kazi yake. Njo utajua inauma wapi."

Niliudhika, nikakaa. Kumbe printa ilikuwa nzima. Dirisha ndilo lilikuwa wazi, upepo ukawa unapindua karatasi. Jumaine alifundisha hivyo miaka sita, kisha akafariki, na mimi nikabaki na brashi yake. Nililia sana, na sioni aibu kuliandika hilo.

Sasa nije kwenye seva. Kwa ninyi mlioingia juzi: zamani kila mtu Muyinga alikuwa na kompyuta yake, na kila msimu wa mvua radi ilikuwa inachagua ipi ife. Nilizika kompyuta nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Ndipo tukahamia kompyuta pepe. Mtumiaji wa Muyinga ana skrini, kibodi na kikasha kidogo tu. Kompyuta yenyewe inaishi ndani ya seva Gitega, na yeye anaiona kupitia mtandao. Radi ikipiga, kinakufa kikasha, kazi yake inabaki salama. Nilijivunia hiyo kazi kupita kiasi. Nilitembea nimeinua kidevu.

Lakini kompyuta ambayo huioni inakusumbua kwa namna nyingine. Mtu anapiga simu, "Mama Conso, iko nazunguka tu," na mimi Gitega sijui kinachozunguka ni nini. Kwa hiyo tukachukua programu ya kuchunguza hizo kompyuta pepe. Toleo la kwanza lilikuwa na mambo mawili: seva nzima ikiwa kijani, seva mgonjwa ikiwa nyekundu. Matoleo mapya yakaja na makubwa zaidi, na haya ndiyo ninayotaka myaelewe vizuri, kwa sababu moja lilinisaidia na jingine nusura limtoe mtu kazini.

Lile zuri ni la kupasua muda wa kuingia. Mtu akiingiza jina na neno la siri, programu inakuonyesha hatua kwa hatua: sekunde hizi za kuthibitisha jina, hizi za kufungua mafaili yake, hizi za kuunganisha printa, hizi za kuchora skrini. Kuna pia la kurudisha nyuma, unaona sesheni ya mtu, yaani kazi aliyoifungua ndani ya seva, jana saa nne ilikuwa inafanya nini. Halafu kuna la alama. Kila mtumiaji anapewa rangi kulingana na muda ambao kibodi yake inaguswa: kijani, njano, nyekundu. Kwenye kisanduku cha kuwasha hiyo alama, mkono uliobonyeza ni wangu. Mkurugenzi mpya alipenda michoro, nami nilitaka aone kuwa kabla sijastaafu nimemwachia kitu cha maana. Sikumweleza inapima nini hasa. Nilimwambia tu, "Sasa utaona kila mtu."

Akaona. Miezi miwili baadaye aliniita, orodha imechapwa kwa rangi, mezani. Huyu bwana alikulia Bujumbura, msomi, mtu wa haki kwa kweli, ila alikuwa hajawahi kushusha karton hata moja.

"Mama Conso, angalia hii. Muyinga watu wanne. Watatu vert, kijani kabisa, toka asubuhi mpaka jioni. Huyu mmoja ni nyekundu kila siku. Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi. Mi sioni sababu ya kuuongeza."

Jina lilikuwa la Zaituni.

Zaituni ni mpokeaji wa dawa pale Muyinga. Tunafahamiana tangu enzi za Jumaine. Mumewe ni fundi cherehani ambaye macho yamefifia kiasi kwamba sasa hawezi kutunga uzi kwenye sindano, hivyo nyumba nzima inakula kwa mshahara wa Zaituni. Hilo silo lililonipandisha hasira. Nilipandwa na hasira kwa sababu nilimjua yule mwanamke, na uvivu wake sijapata kuuona. Nikamwambia Mkurugenzi anipe siku tatu. Akasema alama ni alama. Nikasema sawa, na mimi ni mimi, nipe siku tatu. Akanipa, nadhani ili nitoke ofisini kwake.

Nilifika Muyinga asubuhi, nikamkuta Zaituni na kanga yake kiunoni, mikono ina vumbi la karton. Habari ilikuwa imeshamfikia.

"Karibu, Mama Conso. Umekuja kunifukuza we mwenyewe? Afadhali. Mi sikutaka barua."

"Sijaja kukufukuza. Nimekuja kukaa kwenye kiti chako."

"Kaa basi. Mi niko na lori."

Nikakaa. Nikaingiza jina la majaribio nililotengeneza lifanane na lake, nikasubiri. Nikasubiri tena. Nilitazama saa ya ukutani, nikamaliza chai, nikatazama saa tena. Dakika saba, jamani! Dakika saba ndipo ukurasa wa dawa ukafunguka. Nikaenda ghalani kumwona anavyofanya, na ghala liko ng'ambo ya ua. Lori lilikuwa limeshusha karton za serumu kutoka Kobero. Wengine huandika tarehe iliyo juu ya karton, wakamaliza. Zaituni anafungua, anatoa chupa moja kutoka chini, anasoma, anarudisha, anafungua nyingine.

Karton ya tano au ya sita akasimama, akaninyooshea chupa. Juu ya karton tarehe ilikuwa nzuri. Chupa zilizokuwa ndani zilikuwa zimeshapita muda wake.

"Yampayinka! Ona. Hizi zingeenda kwa watoto," alisema, akaitenga karton na kuanza kufungua zote, moja baada ya nyingine, bila haraka.

Tuliporudi mezani kuandika, sesheni ilikuwa imefungwa. Ilibidi kuingia upya. Dakika saba nyingine. Zaituni alikaa mikono magotini akiitazama skrini inazunguka, na mimi nikajua kule Gitega, sekunde ileile, rangi yake ilikuwa inazidi kuwa nyekundu.

Halafu nikageuka. Meza ya jirani ni ya Nestor, mwandishi wa stakabadhi, baba wa watoto watano, mtu mpole. Nestor hakuwepo. Juu ya kibodi yake lilikuwa limelala kufuli la zamani la mlango wa ghala, lile kubwa la shaba, limekandamiza mshale wa kushuka. Kwenye skrini ukurasa mtupu ulikuwa unashuka, unashuka. Nikasimama nikatazama meza nyingine mbili. Moja ilikuwa na kufuli dogo, nyingine jiwe safi limefungwa kwenye kitambaa, nadhani ili lisikwaruze.

Nestor akaingia, akaniona, akalirukia lile kufuli.

"Liache hapohapo!" nilifoka. "Mnanifanyia nini ninyi? Mnawasha mashine mnaenda kulala?"

"Oya, hapana, Mama Conso, hatulali. Mi nilikuwa mu bâche, ku hema pale nje, nafunga mizigo ya kituo cha Ryansoro. Urumva, unasikia, ukitoka hapa dakika kumi, sesheni inajifunga. Halafu kurudi ndani ni dakika saba. Ukitoka mara nane kwa siku, kazi utafanya saa ngapi? Donc tuliweka kufuli. Mwaka wa pili sasa."

"Na Zaituni je?"

Nestor akainamisha kichwa. Zaituni ndiye aliyejibu, macho bado kwenye skrini yake.

"Mi siweki kufuli ku mashini. Kufuli ni ya mlango. Nikitoka nimetoka, wajue nimetoka."

"Na ulikuwa tayari kufukuzwa bila kuwataja hawa?"

"Niwataje kwa nini? Wao pia wako na watoto."

Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kibao kwa pamoja. Nestor akauliza, kwa upole wake uleule, swali ambalo sitalisahau.

"Mama Conso, bila kukukosea heshima. Ni nani aliyeweka zile dakika kumi?"

Ni mimi. Seva yetu ya kwanza ilikuwa ndogo, haikubeba sesheni nyingi wazi, nikaweka sheria ya dakika kumi. Seva ikabadilishwa kuwa kubwa, sheria nikaisahau palepale. Nikawaambia ukweli huo. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka.

Nikakaa tena kwenye kiti cha Zaituni, nikafungua ile programu, safari hii upande wa kupasua muda wa kuingia. Kwa nini sikuwahi kuiangalia Muyinga? Kwa sababu wenye kufuli huingia mara moja asubuhi na hawatoki, kwa hiyo jumla ya dakika za tawi kwa siku ilionekana ndogo. Mtu pekee aliyekuwa anaingia mara nane kwa siku ni huyu mwekundu. Nikafungua hatua zake. Kuthibitisha jina, sekunde chache. Mafaili, sekunde chache. Printa: hapo ndipo dakika zote zilipokuwa zinakwenda. Programu ya kuingia ilikuwa inatafuta printa ya Muyinga ya zamani, inaita, inasubiri, inaita tena, inakata tamaa, ndiyo inaendelea. Ile printa iliuawa na radi. Niliizika mimi mwenyewe, na jina lake nikaliacha kwenye orodha.

Nikalifuta. Zaituni akatoka, akaingia upya. Tulihesabu pamoja, hatukufika sekunde arobaini. Akanitazama, kisha akasema, "Miaka yote hii, kumbe tulikuwa tunangoja maiti," akaenda kumalizia lori lake.

Hapo mtu angeweza kusema yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Orodha ya miezi miwili bado ilikuwa mezani kwa Mkurugenzi, na namna rahisi ya kumwokoa Zaituni ilikuwa kusema: hao kijani ni kijani cha kufuli. Lakini ningemtoa mmoja kwenye moto na kuwatia watatu. Njia nzima ya kurudi Gitega niliwaza hilo, nikafikia uamuzi, na nikamwomba Nestor kwa simu anitumie lile kufuli kubwa kwa gari la kesho. Akaniuliza la nini. Nikamwambia asiniulize.

Lilifika jioni, na asubuhi yake niliingia ofisini, nikafungua sesheni yangu, nikafungua ukurasa mtupu, nikalilaza kufuli juu ya mshale. Halafu nikaenda kufagia chumba cha seva, nikaenda sokoni nikanunua maparachichi, nikapita kwa dada yangu tukaongea mpaka alipochoka yeye. Nilirudi jioni kulichukua. Sijawahi kuiba siku nzima ya kazi isipokuwa hiyo, na niliifurahia kuliko inavyostahili.

Kesho yake kikaoni Mkurugenzi akatoa orodha yake, akatabasamu.

"Félicitations, Mama Conso. Unatuacha karibuni, mais jana wewe ndiye wa kwanza katika shirika zima. Ona hiyo kijani!"

Nikatoa kufuli mkobani, nikaliweka juu ya ile orodha. Lilitoa mlio mzito.

"Mpongeze huyu. Mimi jana nilikuwa sokoni."

Nikaeleza yote: alama inapima kidole juu ya kibodi, haipimi kazi, dakika kumi niliziweka mimi, printa iliyokufa niliiacha mimi, na kisanduku cha alama nilikiwasha mimi bila kusema inapima nini. Uso wa Mkurugenzi ulikuwa umebadilika rangi.

"Kwa hiyo jana umenidanganya."

"Siku moja. Ile nambari imekudanganya miezi miwili."

"Hili kufuli limetoka wapi? Nani mwingine anafanya hivi?"

"Mimi nimefanya. Andika jina langu."

"Mama Conso, nakuuliza majina."

"Sina majina. Nina sababu, na sababu nimeshazitoa. Sasa Muyinga kuingia ni sekunde arobaini, na dakika kumi nimezifanya saa nzima. Hakuna tena atakayehitaji kufuli."

Aliniandikia barua ya onyo. Ya kwanza maishani mwangu kazini, wiki tatu kabla ya kustaafu. Niliisaini bila kubishana, nikaomba nakala. Kuhusu Zaituni hakukubali wala hakukataa. Nilimwomba aizime alama, hilo akalikataa. Alisema atasubiri wiki moja, kila kitu kikiwa kimetengenezwa, aone rangi inasemaje. Nilimwambia rangi haitasema kitu. Akasema tutaona.

Ile wiki nilikula vibaya. Nilikuwa nafungua programu kabla hata ya kuvua koti. Nestor na wenzake, kwa kuwa sasa walikuwa wanatoka na kuingia bila kufuli, walishuka wakawa njano, njano ya watu wanaofanya kazi. Nilifurahi. Zaituni hakupanda. Jumatatu nyekundu, Jumanne nyekundu, Jumatano malori mawili, nyekundu ya kukolea. Mashine ilikuwa imepona, na bado ilikuwa inamsema vibaya. Nilitamani kumpigia nimwambie, Zaituni dada yangu, kaa basi mezani siku mbili tu, bonyeza chochote. Niliishika simu mara mbili, na mara mbili nikaiweka. Asingekubali, na mimi ningekuwa nimemtukana.

Ijumaa Mkurugenzi akaniita. Mkataba wa Zaituni ulikuwa mezani, na orodha pembeni yake.

"Umetengeneza kila kitu?"

"Kila kitu."

"Watatu wamekuwa njano. Hilo nimelielewa. Mais huyu bado ni nyekundu. Hata sasa hivi, ona, hayuko ku mashini. Yuko wapi?"

Nilitoa simu yangu, nikapiga, nikaiweka kwa sauti katikati ya meza ili asikie mwenyewe. Iliita mara nyingi. Nilikuwa naogopa, nasema kweli. Sikujua atajibu nini wala kama atajibu. Kisha ikapokelewa, na tukasikia kwanza karton inaburutwa sakafuni.

"Allô, Mama Conso? Niko mu depo, niko nahesabu serumu, nimefika mia mbili na kumi na nne, usinipotezee hesabu. Nitakupigia."

Akakata.

Mkurugenzi aliitazama simu, akaitazama orodha, akavuta mkataba, akasaini kurasa zote mbili. Halafu akaniuliza kama anaweza kumpigia yeye mwenyewe, ampe hiyo habari.

Nikamwambia asubiri kwanza amalize kuhesabu.